Kisamvu cha Karani wa Mizigo

Aurelia alijua kuna jambo pale alipomwona mumewe akirudi nyumbani saa tano ya asubuhi, siku ya kazi, kofia yake ya reli ameishika mkononi. Ildefonsi Nampoto hakuwa mtu wa kutoroka kazini. Alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Nachingwea, na tangu reli ifike pale hakuna aliyewahi kumwona nje ya ghala lake kabla ya saa sita. Nyuma yake walikuja wapagazi wawili, kila mmoja na furushi la karatasi begani lililofungwa kamba ya katani, na wote wawili walikuwa wakijizuia kucheka, kazi iliyoonekana kuwalemea kuliko mafurushi yenyewe.

"Vimefika!" Aurelia akapiga makofi, mtoto mgongoni akashtuka. "Vitabu vimefika!"

"Karatasi zimefika," alisema Ildefonsi. "Zote, kama tulivyoandikiwa, hazijashonwa. Majalada nayo yapo. Mama Agapiti, kaa kwanza."

"Nikae kwa nini?"

Mpagazi mmoja, Jumaa, hakuvumilia. Alitua furushi lake barazani, akafuta jasho, akasema kwa adabu kubwa, "Shikamoo, Mama Agapiti. Tuulizie kwa mpishi wetu hapa, kunde zinatiwa magadi kabla ya kuchemka au baada?" Kisha akaingiza uso kwenye fulana yake, mabega yakawa yanatikisika.

Ildefonsi akatoa jalada moja kutoka juu ya furushi akampa mkewe. Lilikuwa jalada zuri, karatasi ngumu ya rangi ya udongo mwekundu, maandishi meusi yaliyosimama vizuri. JIKO LA NYUMBANI. Mapishi Hamsini na Mawili ya Kimwera. Na chini yake, katikati kabisa, kwa herufi kubwa ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara: Kimetungwa na ILDEFONSI NAMPOTO.

Aurelia akakaa.

Ildefonsi hakuwahi kupika hata uji. Alikula vizuri, alisifu vizuri, na hapo ndipo ujuzi wake wa jikoni ulipoishia. Aliyeyatunga mapishi yale alikuwa Bi Ashura binti Chilumba wa Ruangwa, na kila mtu aliyepita Nachingwea siku za ule mpango wa Wazungu wa kulima karanga alimjua, kama si kwa jina basi kwa tumbo.

Aurelia mwenyewe alikuwa mtu wa Mnero. Alisomeshwa na masista, akafundisha wasichana darasa la kwanza miaka mitatu, akaolewa mwaka wa arobaini na tisa na kuletwa Nachingwea wakati mji unachemka: matrekta yanaunguruma, mahema yamejaa, watu wa kila kabila wamekuja kung'oa visiki. Alijua kufundisha kusoma. Kupika hakujua, maana bwenini kwa masista chakula kiliivishwa na wengine. Wiki ya kwanza ya ndoa aliunguza maharage mara tatu. Mara ya nne alibeba sufuria lake lenye moshi mpaka kwenye kibanda cha makuti karibu na kambi, alikokuwa mama mmoja mnene mwenye kaniki akiwauzia vibarua chakula, akamwambia, "Mama, nisaidie." Bi Ashura akachungulia ndani ya sufuria, akauliza, "Hiki kilikuwa nini?" Tangu siku hiyo akamchukua kama binti yake.

Karanga za Wazungu ziligoma kuota kama walivyotaka. Matrekta yakaondoka, vibarua wakatawanyika, na Bi Ashura akafunga masufuria yake akarudi kwao Ruangwa. Aurelia akabaki, akafungua kibanda kidogo cha vitabu njia ya stesheni. Aliuza madaftari, kalamu za risasi, katekisimu na kalenda. Mara kwa mara alifikiwa na akina mama waliojifunza kusoma juzijuzi tu, wanaulizia kitabu ambacho si cha sala wala cha shule. "Cha mambo yetu," walisema. Kilichokuwapo kilikuwa kijitabu kimoja kilichofundisha kuoka keki katika jiko la chuma, na majiko hayo Nachingwea nzima labda yalikuwa manne.

Hapo ndipo Aurelia alipopata wazo la kuchapisha kitabu yeye mwenyewe. Kiangazi kizima alipanda malori ya ufuta kwenda Ruangwa, akakaa karibu na mafiga ya Bi Ashura na daftari magotini, akaandika: kisamvu, mbaazi, mizizi ya porini ya ming'oko, kunde, mlenda, kashata za ufuta. Akapata mpiga chapa huko Lindi, Bwana Kasamali, mwenye mtambo mdogo wa kuchapa vitabu vya risiti na kadi za arusi. Mshonaji wake alikuwa ameacha kazi, kwa hiyo walikubaliana kwamba yeye atapiga chapa na kukunja tu, halafu Aurelia atashonesha huku huku. Barua zote zilikwenda na kurudi kwa anwani ya stesheni, kwa jina la karani wa mizigo, maana ndiyo njia iliyokuwa na uhakika.

Na sasa karani wa mizigo alikuwa mtunzi.

"Ni kwenye jalada tu?" Aurelia aliuliza.

Ildefonsi akafungua furushi, akachomoa mkunjo wa kwanza. Ukurasa wa jina nao ulikuwa hivyo hivyo. Nakala mia tatu, zote zinamsifu Ildefonsi.

"Mimi niliandika jina lake," alisema Aurelia. "Niliandika kwenye karatasi ya peke yake, nikaiweka juu kabisa. Ashura binti Chilumba. Kwa mwandiko wa darasani!"

"Najua. Nilikuona." Ildefonsi alikuna kichwa. Wapagazi walikwisha ondoka, na kicheko chao kilisikika mpaka kwenye kona ya barabara. "Stesheni nzima wananiita Mama Mtungaji tangu asubuhi. Mkuu wa stesheni ameniuliza kama nitafungua hoteli." Kisha akasema polepole, bila kumtazama, "Bi Ashura hasomi herufi hizi. Anasoma za Kiarabu. Ukimpa kitabu ukamwambia hapa pameandikwa jina lako, ataamini."

Hakusema kwa ubaya. Aurelia alijua kwamba mumewe alikuwa anamwogopa Bi Ashura kuliko mkuu wa stesheni. Na yeye mwenyewe, hapana budi kusema, aliupokea ushauri ule akaugeuzageuza mchana kutwa. Wakati anafua nepi alijaribu maneno yale kimoyomoyo: Hapa, mama, pameandikwa Ashura. Akamwona Bi Ashura akipitisha kidole chake kinene juu ya herufi, anatabasamu, na kidole kinapita juu ya Ildefonsi Nampoto. Akaikunja ile nepi mbichi akaiweka kwenye kapu la nguo kavu. Alipogundua alichofanya, akajua kwamba hataweza.

Kesho yake asubuhi alipanda lori la kwenda Ruangwa, Agapiti mgongoni na jalada moja ndani ya kikapu.

Bi Ashura alikuwa uani kwake anapepeta ufuta. Alimpokea mtoto kwanza, akamnusa shingoni, akamkalisha kwenye mkeka, ndipo akamgeukia mama yake. "Hujambo mwanangu? Mbona umekuja na uso wa msiba? Nani kafa?"

"Shikamoo, mama. Hakuna aliyekufa. Kitabu kimetoka."

"Marahaba. Kimetoka!" Bi Ashura akatupa ungo pembeni. Akajifuta mikono kwenye kaniki, mbele na nyuma, kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto mchanga, akalishika jalada kwa ncha za vidole. Alilitazama sana. Akalinusa pia. "Wino," alisema kwa kuridhika. "Haya, nionyeshe. Mimi niko wapi?"

Hapo Aurelia angeweza kuweka kidole popote. Badala yake akasema, "Hupo, mama."

"Sipo?"

"Mpiga chapa amekosea. Pameandikwa jina la Baba Agapiti."

Bi Ashura aliendelea kulitazama jalada. Kuku wawili wakaja wakaanza kula ufuta, na hakuwafukuza, jambo ambalo lilimtisha Aurelia kuliko makelele.

"Ildefonsi," alisema mwishowe. "Yule aliyekula kwangu miaka miwili na hakuwahi hata kuinua mfuniko."

"Ndiye, mama."

"Sikiliza, mwanangu. Pale kambini walikula kwangu wanaume wasiohesabika. Wengine Wanyasa, wengine Wangoni, wengine sijui wametoka wapi. Wote waliniita mama. Mama, ongeza mchuzi. Mama, chumvi. Sikuchukia, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Wewe uliponiambia jina langu litapigwa chapa, nilimwambia kila mtu hapa Ruangwa. Nimepeleka habari mpaka Mbwemkuru kwa dada yangu. Sasa watakuja kuuliza."

Aurelia alikuwa analia, machozi ya kimya kimya. Bi Ashura akamtazama, akavuta pumzi ndefu, kisha akawafukuza kuku kwa teke la hewani.

"Usilie juu ya ufuta wangu, utalowana. Ungeweza kunidanganya nisijue, na hukufanya hivyo, hilo nimeliona. Lakini huyo mtunzi namtaka hapa. Jumapili. Aje na karatasi zake, apike kisamvu mbele yangu. Akiweza, kitabu kiwe chake, nami nitanyamaza. Akishindwa, jina langu lirudi mahali pake, na lisibandikwe kwa kijikaratasi. Kitu cha kubandika hubanduka."

Jumapili, baada ya misa, Ildefonsi alishuka kwenye lori Ruangwa akiwa amevaa suruali yake ya kazini iliyopigwa pasi, penseli sikioni. Habari zilikuwa zimemtangulia. Ua wa Bi Ashura ulijaa wanawake wa mtaa mzima, wengine na watoto, wengine na vigoda vyao wenyewe, kana kwamba wamekuja ngomani. Bi Ashura aliketi mbele. Aurelia aliamriwa akae nyuma kabisa na asifungue mdomo.

"Shikamoo, mama," alisema Ildefonsi.

"Marahaba, mkwe wangu. Moto ule pale. Kinu kile pale. Majani yamo kwenye tenga. Tusomee."

Ildefonsi akafungua ukurasa wa tisa. Akasoma kwa sauti ile ile aliyoitumia kusoma hati za mizigo: "Majani machanga ya muhogo, mafungu matatu." Akainama kwenye tenga, akahesabu mafungu, akachukua penseli akatia alama pembeni. "Yamepokelewa." Wanawake wakaangua kicheko. "Chumvi. Ipo. Karanga, vikombe viwili. Zipo." Alama. "Maji. Yapo."

Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akashika mchi.

Kwa kweli alitwanga vizuri. Alikuwa mtu mwenye mabega, na baada ya mapigo machache ya ovyo alipata mdundo, majani yakaanza kulainika na kutoa harufu yake ya kijani. Mzee mmoja wa kike akampigia kigelegele, na hapo Ildefonsi akajisahau, akawa anatwanga kwa madoido, anaurusha mchi juu na kuupokea, mpaka Bi Ashura akakohoa. Akatia majani kwenye chungu, akatia maji, akachochea moto. Alikuwa anasoma kila mstari mara mbili kabla ya kufanya lolote. Alipofika kwenye chumvi akasimama.

"Hapa pameandikwa chumvi kiasi. Kiasi ni ngapi?"

"Kiasi ni kiasi," alisema Bi Ashura.

"Mama, samahani. Kiasi si kipimo. Mimi nikiandika kwenye hati kwamba behewa lina magunia kiasi, jioni hiyo hiyo nimefukuzwa kazi."

Wanawake wakageuka kumtazama Bi Ashura. Bi Ashura akachota chumvi kwa vidole vitatu, akaitazama mkononi mwake kama anaiona kwa mara ya kwanza, akaimimina kwenye kijiko cha chai. Kikajaa mpaka ukingoni. "Kijiko kimoja," alisema, kwa mshangao kidogo. "Kumbe ni kijiko kimoja." Kule nyuma Aurelia alisahau amri aliyopewa, akaomba penseli.

Majani yalichemka muda mrefu. Watu walikula mihogo ya kuchoma, wakazungumza, Agapiti akalala. Ildefonsi hakuondoka motoni, macho mekundu kwa moshi, anakoroga kama alivyoambiwa na ukurasa. Ulipofika wakati, akasoma mstari wa mwisho, akachukua vikombe viwili vya karanga na kuvimimina chunguni, nzima nzima, na maganda yake mekundu ya ndani. Minong'ono ikapita uani. Bi Ashura akainua mkono, wakanyamaza.

Akapakua. Bi Ashura akamega ugali, akachota kisamvu, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Watu wote walikuwa wanamwangalia taya.

"Majani yameiva," alisema. "Laini, chumvi iko sawasawa. Sikudhani. Lakini hizi karanga ni kama nakula shanga. Nani kakuambia uzitie hivi?"

"Kitabu, mama."

"Kitabu changu?"

"Ukurasa wa tisa." Akampelekea Aurelia karatasi ile. Aurelia akasoma: Kisamvu kikiiva, tia karanga, koroga, acha zichemke kidogo. Akasoma tena, akitumaini kwamba neno litajitokeza. Halikuwapo. Hakuandika zilizokaangwa. Hakuandika zilizotwangwa. Uso ulimpanda moto.

"Mama, hapa hakuna wa kulaumiwa huko Lindi," alisema. "Ni mimi. Wewe ulisema karanga, nami nikaona ukizitwanga, nikaandika karanga. Nilikuwa najua. Kwa sababu najua, sikuandika."

Bi Ashura alimtazama Aurelia, akamtazama Ildefonsi aliyesimama na mwiko mkononi na masizi kwenye pua, akatazama bakuli lenye karanga zinazoelea. Kitu kikaanza kumtetemesha tumbo. Kicheko kilipotoka kilikuwa kikubwa mpaka Agapiti akaamka. Alicheka akajifuta machozi kwa upindo wa kaniki, akaanza tena.

"Ameshindwa!" alitangaza. "Shahidi ni nyinyi nyote. Kitabu ni changu." Kisha akamvuta Ildefonsi mkono akamkalisha kwenye mkeka. "Lakini huyu mkwe wangu ni dawa. Mtu asiyejua kitu na asiyeona haya kuuliza. Mwanangu, lete karatasi zote. Aulize."

Wakakaa mchana wote. Ildefonsi alisoma pishi moja baada ya jingine, na kila alipokwama aliuliza. Maji mangapi? Ming'oko inachimbwa au inanunuliwa, na inaoshwa kabla au baada? Mfuniko uwe juu au pembeni? Wanawake wakaacha kumcheka, wakaanza kujibu, halafu wakaanza kubishana wao kwa wao. Jua lilipoegemea upande wa pili, Aurelia alikuwa ameandika mambo kumi na moja yaliyosahauliwa, na Ildefonsi alikuwa amemaliza bakuli zima la kisamvu chake mwenyewe, karanga kwa karanga, akidai ni kitamu.

Jumatatu Aurelia aliandika barua kwa Bwana Kasamali. Safari hii aliandika kwa jina lake mwenyewe. Jibu lilikuja kwa treni iliyofuata. Mpiga chapa alisema amefadhaika mno. Alipopekua kapu la karatasi kuukuu aliikuta ile karatasi ya jina imegandamana na bahasha ya kahawia, na mpangaji wake wa herufi, alipoona hakuna mtunzi, alichukua jina lililokuwa kwenye hati ya reli. Atapiga majalada mapya, na karatasi mpya ya kwanza, yenye jina la Bi Ashura mbele na yale masahihisho kumi na moja nyuma, wala hataki kusikia habari ya malipo. Mwisho aliongeza kwamba karatasi zilipokuwa zinakauka mke wake alisoma mbaazi za nazi, akazipika, na sasa nyumbani kwake hailiwi mboga nyingine. Anaomba nakala moja.

Kazi ya kushona ilikuwa ya Maalim Abdulatifu. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Nachingwea, na kwa miaka mingi alikuwa anatengeneza misahafu iliyochakaa. Baraza yake ilikuwa na mbao mbili nzito za kubania, nyuzi za kila unene, na msharasi wa kutobolea karatasi uliong'aa kwa kushikwa. Aurelia alipompelekea mkunjo wa kwanza, Maalim aliupindua huku na huku.

"Kinafunguliwa upande gani, binti yangu? Nisije nikakishona kama msahafu, watu wakaanza na kashata."

"Kushoto, Maalim."

"Na humo ndani kuna nguruwe?"

"Hakuna, Maalim. Ni mapishi ya Bi Ashura binti Chilumba."

Maalim akaweka msharasi chini. "Wa kambini? Yule wa kunde?" Uso wake ukalainika. "Niache na kazi yangu, usinichelewesh—" na kabla hajamaliza kusema alikwisha kuchukua uzi.

Aurelia alishona naye. Walitoa ile karatasi ya kwanza yenye makosa, wakaikata karibu na mahali pa mshono wakiacha ukingo mwembamba, na kwenye ukingo huo wakagundisha karatasi mpya na kuishona, kwa ustadi ambao ungekufanya usijue kama palikuwa na nyingine. Vijitabu kumi vya kwanza vilibanwa kwenye mbao, na asubuhi ya pili yake Maalim akavikuta vimetembelewa na mende. Walikuwa wameanza kula gundi ya uji wa muhogo kwenye migongo.

"Ni ya kutia mrututu," alisema Maalim. "Misahafu naitia siku zote."

Bi Ashura, ambaye alikuwa amekuja na lori la mapema kuja kuona jina lake likishonwa, alikuwa ndiyo kwanza anapanda ngazi za baraza. "Mrututu ni sumu," alisema kabla hata ya salamu. "Kitabu hiki kitakaa jikoni, Maalim. Watoto wataking'ata. Mjukuu wangu huyu hapa ataking'ata wa kwanza." Akamwonyesha Agapiti, ambaye kwa wakati ule alikuwa na kamba ya katani mdomoni.

"Basi tuwaache mende wale?"

"Nani kasema wale? Nani kawapikia uji mtamu namna hiyo? Nipe sufuria."

Akapika gundi mwenyewe. Alichemsha majani ya mwarobaini na pilipili kichaa, akachuja, na kwa maji yale machungu akasonga unga wa muhogo, taratibu, bila donge hata moja, mpaka ukang'aa na kuvutika kama asali. Maalim Abdulatifu alipiga chafya saba mfululizo. Alipopumua, akaichovya brashi yake, akapaka mgongo wa kitabu kimoja, akangoja. Kesho yake mende walikuwa wamepita njia nyingine. Tangu hapo misahafu ya Maalim nayo ilianza kunukia pilipili.

Nakala mia tatu ziliisha kushonwa siku ya kumi na nane. Ile ya kwanza kabisa Maalim aliipunguza kingo kwa kisu chake kikali, akaipangusa, akampa Bi Ashura kwa mikono miwili. Bi Ashura akakaa nayo barazani. Hakuifungua kwanza. Aurelia akachuchumaa kando yake akamwekea kidole chini ya herufi moja moja. "A. Shu. Ra."

"Hii ya kwanza imesimama kama mafiga mawili yenye mti katikati," alisema Bi Ashura. "Nitaikumbuka." Akairudia kwa kidole chake, mara nyingi, akisogeza midomo, na Maalim akageuka kutazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamwita.

Waliviuza kwanza sokoni Ruangwa, siku ya mnada, maana Bi Ashura alisema watu wa kwao ndio walioahidiwa. Aurelia alitandika mkeka, akavipanga. Watu wa kijiji cha Mtua walikuja, na dada wa Bi Ashura akafika kwa miguu kutoka Mbwemkuru, akanunua vinne ingawa hakuna hata mmoja nyumbani kwake aliyejua kusoma, akisema watajifunza. Ildefonsi, aliyeomba ruhusa kazini, alisimama nyuma ya mkeka akijibu maswali. Mtu akiuliza habari za kisamvu alijibu kwa kirefu.

Saa nane dereva wa lori la Nachingwea alianza kupiga honi. Aurelia alikuwa anafunga kikapu, pale mwanamke mmoja mrefu mwenye kilemba cha kijani alipopenya kundi la watu na kitabu mkononi, kidole kimebana ukurasa.

"Nani kaandika hapa kwamba mbaazi zinatiwa nazi mwanzoni?"

"Mimi," alisema Bi Ashura, akinyanyuka.

"Nazi ni mwisho! Mwanzoni inakatika!"

"Inakatika kwa mtu anayekoroga ovyo."

"Mimi nakoroga ovyo? Mimi?" Mwanamke akawageukia wenzake. "Jamani, mimi nakoroga ovyo?"

Watu wakagawanyika papo hapo, nazi mwanzoni huku, nazi mwisho kule, na wote wakiongea kwa pamoja. Mtu mmoja akasema zipikwe zote mbili. Mwingine akasema kuni zipo. Mwanamke wa kilemba akasema mbaazi anazo, ziko nyumbani, tena zimelowekwa. Aurelia akafungua tena kikapu chake, akatafuta daftari. Honi ikalia mara ya pili, halafu mara ya tatu, kwa hasira. Ildefonsi aliitazama barabara, akamtazama mkewe ambaye alikuwa amekwisha kukaa kwenye mkeka na penseli mkononi, akaenda kwa dereva akamwambia aende tu, watapanda la kesho.

Kisha akarudi akikunja mikono ya shati, akauliza kama kuna mtu anahitaji kukuniwa nazi.